Siku Lango la Butimba Linapofunguliwa

Jioni hii, wasikilizaji wa kanda ya ziwa, nina hesabu ndogo, ya darasa la tatu. Chukua 1998, jumlisha 30. Umepata 2028.

Mwaka 1998 ndipo Bunge letu lilipotunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile wanayoiita Sospa. Iliibadilisha Kanuni ya Adhabu, ikaweka kwamba mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka asipewe pungufu ya miaka 30, na akiwa amembaka mtoto wa chini ya miaka 10, afungwe maisha. Tangu hapo tumezoea. Hakimu akitamka 30, ukumbi mzima unashusha pumzi, na sisi tulioko nje tunasema, "Huyo ataozea ndani."

Mtu haozi. Miaka inakatika. Aliyeingia na miaka 24 sheria ikiwa bado mbichi atatoka akiwa na 54, na kama alipata punguzo la tabia njema basi keshatoka. Labda asubuhi ya leo ulipanda naye daladala ya Nyegezi ukasogea akae. Na huku kwetu mwanamume wa miaka 54 si mzee. Anavuta kamba ya wavu pamoja na vijana, na siku nyingine anawashinda.

Aliyenitia katika hesabu hii ni mama mmoja mwanika dagaa. Nilimkuta mwaloni Kirumba, mimi nikiwa nimefuata habari za bei. Akaniuliza kama ndiye mimi wa redioni, nikakubali, akanivuta nyuma ya magunia. Binti yake alikuwa na miaka 12 jirani alipomharibu. Kesi ilikwenda, ikaisha, jirani akapewa 30. Binti sasa ni mtu mzima, naye ana binti yake. Mama hakulia. Alikuwa na swali moja, na alilitoa limenyooka, kama mtu aliyelala nalo miaka mingi: "Mwanangu, siku akitoka, ni nani atakayenipigia simu?"

Nikamwambia nitauliza.

Nimeuliza, na nimesoma. Sospa inamkumbuka aliyeumizwa: inataka mkosaji alipe fidia, mahakama ikadirie kiasi. Yule mama fidia hakuwahi kuiona, lakini angalau kwenye karatasi imo. Kifungu cha kumwarifu siku lango linapofunguliwa hakimo. Na katika kutafuta hicho nikakutana na jambo lingine ambalo sikulitegemea.

Sikiliza. Mtu aliyefungwa kwa kuua bila kukusudia anaweza kufikiriwa kwa parole akishatumikia theluthi ya kifungo chake. Akitoka kwa njia hiyo anatoka na masharti: akae wapi, aripoti kwa nani, na akikiuka anarudishwa ndani. Mwenye kosa la kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kupewa huduma kwa jamii chini ya sheria ya 2002. Anafagia zahanati huku afisa wa uangalizi anamhesabia saa. Mbakaji hayumo humo. Sheria ya parole ilipotungwa mwaka 1994 iliorodhesha makosa isiyoyagusa, na makosa ya namna hii yamo katika orodha. Misamaha ya Rais ya kila mwaka nayo kwa kawaida humtaja kwa jina: kubaka, kulawiti, hawahusiki. Sisi wasikilizaji tunapiga makofi, na mimi nilikuwa mmoja wa wapigaji.

Sasa tazama matokeo yake. Kwa kuwa hana parole wala huduma kwa jamii, anakaa hadi siku yake ya mwisho, ukiondoa punguzo la tabia njema. Akiimaliza hadaiwi na mtu. Hakuna afisa wa kumpokea, hakuna sharti, hakuna daftari la kusaini kila Jumatatu. Aliyeua bila kukusudia anaweza kutoka na mwangalizi; tunayemwogopa kuliko wote anatoka peke yake. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivi. Imetokea tu, kwa sababu kila tulipotunga sheria tulikuwa tunafikiria kufunga mlango.

Wengi wenu mnakumbuka mlango mmoja uliofunguliwa mchana kweupe. Tarehe 9 Desemba 2017, sherehe za Uhuru Dodoma, Rais Magufuli aliwasamehe wanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha. Walikuwa wamehukumiwa maisha mwaka 2004 kwa kuwabaka watoto wa shule. Mahakama ya Rufani ilishawaachia wanawe wengine wawili mwaka 2010, na Babu Seya na Papii Kocha ikawaacha ndani. Wao siku zote walikana, na miezi michache baada ya msamaha Mahakama ya Afrika kule Arusha ilisema haki zao za kusikilizwa ipasavyo zilikuwa zimevunjwa. Mimi si hakimu wa hakimu. Ninachokumbuka ni lango la gereza la Ukonga, umati, simu juu, nyimbo. Watu wa haki za watoto walilalamika, wakanyamazishwa na vigelegele. Wiki nzima nchi ilibishana kama walifanya au hawakufanya. Katika ubishi wote ule sikumsikia mtu akiuliza, ama kwa ajili yao ama kwa ajili ya zile familia: baada ya lango kufunguliwa, utaratibu ni upi?

Mfungwa wa kwetu wa ziwani hana umati. Anatoka gereza la Butimba na nguo mkononi. Alipoingia, Mwanza ilikuwa manispaa, amekuta jiji. Alizoea kivuko cha Kigongo kwenda Busisi, amekuta daraja. Anataka laini ya simu, anaulizwa namba ya NIDA, na vitambulisho vilipokuwa vinaandikishwa mtaani yeye alikuwa selo. Baba alishakufa, kiwanja kimeuzwa, kaka yake anamwambia kwa upole wa kutisha, "Ungetulia kwanza huko mjini." Atatulia wapi? Anashuka mwaloni. Ziwa haliulizi mtu alikotoka. Ukiwa na mikono, jioni umepata mtumbwi. Giza lote anavua. Mwezi ukikua taa za dagaa hazifai kitu, kambi inalala bila kazi siku kadhaa, pombe inatembea, na watoto wa wanika dagaa wanacheza kati ya vibanda mpaka usiku. Akisikika neno juu yake, kesho yuko kisiwa kingine. Wavuvi wanahama kufuata samaki. Yeye anahama kufuata ukimya. Na kila mwalo anaofika, yeye ni mgeni mwema, mchapakazi.

Najua simu zitakazopigwa nikimaliza, kwa sababu zimeshapigwa mara nyingi. "Wahasiwe." "Wanyongwe." Wabunge wetu nao wamewahi kusema hivyo Bungeni, na Madagaska mwaka 2024 wamepitisha sheria ya kuwahasi wabakaji wa watoto. Mimi ni mzazi. Hasira hiyo naijua inakokaa mwilini. Lakini hasira haina jibu la swali la yule mama, kwa sababu aliyemharibia mwanawe hakuhasiwa wala hakunyongwa. Alipewa miaka 30, nayo inaisha.

Na kabla sijaendelea, tusijidanganye kwamba hatari yote imetoka Butimba. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Piga hiyo kwa idadi ya watoto wa mtaa wako. Magereza yote ya nchi hayawezi kuwameza waliofanya hayo. Wengi wako nyumbani, wamekula chakula cha jioni, pengine wananisikiliza. Anayetoka Butimba ana tofauti moja: yeye tunamjua. Ingekuwa ajabu tumpoteze huyo huyo.

Wenzetu wamefanya nini? Waingereza walijaribu mafunzo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 magereza yao yaliwaketisha wafungwa wa makosa haya katika vikundi, wakisimulia walichofanya na kufundishwa kuona uchungu wa waliowaumiza. Kisha wizara yao ikapima. Ikachukua wafungwa 2,562 waliopitia mafunzo, ikawalinganisha na wengine zaidi ya 13,000 wasiopitia, ikawafuatilia kwa wastani wa miaka minane na ushei. Waliofundishwa na kurudia makosa ya kujamiiana: asilimia 10. Wasiofundishwa: asilimia 8. Hukusikia vibaya. Mafunzo hayakusaidia, na huenda yaliharibu. Ripoti ikatolewa hadharani mwaka 2017, na mpango ule ukafungwa mwaka huo huo. Nawavulia kofia. Huku kwetu semina ikishafanyika na posho ikishasainiwa, tumeandika imefanikiwa.

Lakini usiipite ile asilimia 8 haraka. Wengi tunadhani mtu wa namna hii lazima arudie. Mtafiti wa Kanada, Karl Hanson, na mwenzake walikusanya tafiti 61 mwaka 1998, wakakuta kwamba ndani ya miaka minne mitano waliojulikana kurudia makosa ya kujamiiana ni kama 13 katika 100. Nasema waliojulikana, maana makosa haya mengi hayafiki polisi, na ukweli uko juu ya namba hiyo. Hata hivyo 13 si 100. Mwaka 2014 Hanson akarudi na swali bora zaidi: lini? Akawatazama watu zaidi ya 7,000. Wale wa kundi la hatari kubwa kabisa, siku wanatoka, 22 katika 100 wangerudia ndani ya miaka mitano. Lakini wa kundi hilo hilo waliokaa uraiani miaka kumi bila kosa jipya la namna hiyo, hatari ilishuka hadi 4 na kidogo.

Maana yake kwetu ni hii. Hatari imejaa katika ile miaka ya mwanzo, mtu akiwa hana pa kulala, hana kazi, hana anayemsalimu. Macho yangepaswa kuwa mengi hapo, yakapungua kadiri muda unavyokwenda. Sisi, hiyo ndiyo miaka tuliyoliachia ziwa.

Sasa nifike kwa Wakanada wenyewe, kwa sababu walikuwa na tatizo letu hasa. Mwaka 1994, mji wa Hamilton, jimbo la Ontario, alitoka gerezani mtu aliyewadhuru watoto mara nyingi. Sheria yao ilikuwa imemzuia ndani hadi siku yake ya mwisho, kwa sababu ni wa hatari. Kwa hiyo alitoka huru, bila parole, bila afisa. Magazeti yakapiga kelele, majirani wakaandamana, polisi wakaweka ulinzi. Mchungaji mmoja wa Kanisa la Mennonite, Harry Nigh, aliwahi kumfahamu. Akawaita watu wachache wa kanisa lake, wakawa wanamwona kila siku. Mmoja anampeleka kutafuta chumba, mwingine anakunywa naye chai, wa tatu anamuuliza bila kupepesa: jana jioni ulikuwa wapi, ulipita njia gani, pale shuleni ulipita kwa nini? Polisi waliokuwa wakimlinda wakaanza kuongea na watu hao hao.

Ndivyo lilivyozaliwa lile wanaloliita duara. Watu wanne, watano, sita wa kujitolea, na mmoja katikati ambaye hana siri kwao. Nyuma yao wataalamu: polisi, mtu wa saikolojia, ustawi wa jamii. Si kumbembeleza. Akianza kuteleza, wao ndio wa kwanza kuona, na wao ndio wanaompeleka polisi. Minnesota, Marekani, walipima jambo hili kwa njia ya bahati nasibu: watu 100, nusu wakapewa duara, nusu wakaachwa na utaratibu wa kawaida. Matokeo yalitolewa 2018. Hatari ya kukamatwa tena kwa kosa jipya la kujamiiana ilipungua kwa asilimia 88 kwa wenye duara. Watu 100 si wengi, na theluji ya Minnesota si jua la Ukara. Lakini nikilinganisha na yale mafunzo ya Uingereza, naona kinachomzuia mtu si somo alilosikia selo. Ni watu watano wanaojua jana jioni alikuwa wapi.

Na hapa Msukuma anayenisikiliza anatabasamu, maana watu wanaojua jana ulikuwa wapi ni kitu tulichokuwa nacho. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijijini, ilipozuka huku mwanzoni mwa miaka ya 1980, silaha yake kali haikuwa upinde. Ilikuwa kutengwa. Mtu aliyeshindikana hapewi moto, hasalimiwi, akifiwa hazikiwi. Lakini mnaosahau niwakumbushe: aliyetengwa alikuwa na njia ya kurudi. Analipa, anakiri mbele ya watu, analisha kijiji, anaketi tena. Tuliijua milango yote miwili. Tulichobaki nacho leo ni nusu ya kwanza, tena kwa njia ya WhatsApp.

Maana wapo wanaosema tubandike picha za wabakaji. New Jersey walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1994, kila mtaa ujue mbakaji anaishi nyumba gani, na Marekani yote ikafuata. Watafiti wakapima New Jersey kwenyewe na mwaka 2008 wakasema hawaoni kwamba imepunguza kurudia. Wengine, Prescott na Rockoff, mwaka 2011 wakatofautisha vizuri zaidi: polisi wakijua mtu yuko wapi, inasaidia, mtaa mzima ukitangaziwa, waliokwisha kuandikwa huwa wabaya zaidi, pengine kwa sababu hawana tena cha kupoteza. Kenya wana daftari lao katika sheria ya 2006, pamoja na kifungu cha kumsimamia kwa muda mrefu yule ambaye mahakama imemwona ni wa hatari. Hicho kifungu cha pili ndicho ningekiiga kabla ya daftari.

Picha ikibandikwa Igoma, mtu hafi. Anapanda boti.

Kuna jambo jingine linaloniumiza kichwa, nalo ni kwamba miaka 30 inawaweka chungu kimoja watu wasiofanana. Tangu 2016, aliyempa mimba mwanafunzi naye ni 30. Kwa hiyo Butimba analala kijana wa bodaboda wa miaka 19 aliyekuwa na mpenzi wa kidato cha tatu, na pembeni yake mtu mzima aliyemvizia mtoto wa miaka 11 anayechota maji. Sisemi wa kwanza hana kosa, nina mabinti. Nasema siku wakitoka, kuwawekea wote macho sawa ni kupoteza macho. Watafiti wa Kanada wanahubiri hili tangu 1990: nguvu nyingi ziende kwa mwenye hatari kubwa, na mwenye hatari ndogo ukimbana kupita kiasi unaweza kumharibu. Maswali ya kuwatofautisha ni ya kawaida tu, na mengi yamo katika jalada la kesi: ana miaka mingapi, ameshawahi kabla, aliyemdhuru alikuwa ndugu au mgeni, wa kike au wa kiume. Askari magereza mwenye kalamu angeyajibu kwa nusu saa.

Nani angekaa katika duara la Kome au la Mkolani? Watu wa kazi hiyo wapo, na mishahara ya baadhi yao tayari tunailipa: mkaguzi wa polisi wa kata, afisa ustawi, mtu wa Dawati la Jinsia na Watoto. Kule kwenye mialo kuna kamati za uvuvi zinazojua kila mtumbwi una mabaharia gani. Ongeza mwalimu mstaafu, mama wa kanisani, mzee wa msikitini. Uti wa mgongo ni taarifa moja tu ya magereza kwenda kata, miezi mitatu kabla: fulani anakuja.

Na hapo hapo naogopa. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa binamu yake. Wazee ni wale wale ambao mwaka ule walitaka mambo yaishe nyumbani kwa ng'ombe wawili, "tusimwaibishe mtoto." Tukiwapa duara wakaligeuza baraza la kumalizana, tutakuwa tumemrudisha mbakaji kwa heshima zote. Kwa hiyo mimi ningeweka masharti mawili yasiyojadiliwa: asikae ndugu yake humo, na aliyeumizwa asiitwe kuja kusamehe. Asamehe au asisamehe, ni lake. Asiombwe, asipelekewe mbuzi, asiimbiwe kwaya. Anachodaiwa yeye ni habari: anatoka lini, atakaa wapi, nani anamtazama, na namba ya huyo anayemtazama.

Nilirudi Kirumba Jumamosi iliyopita. Mama alikuwa juu ya chanja anageuza dagaa kabla mvua haijashuka kutoka upande wa Ukerewe, kwa hiyo tuliongea mimi nikiwa chini nashika turubai. Nikamweleza yote haya, Kanada na Minnesota, nadhani kwa urefu kuliko alivyohitaji. Akasikiliza huku mikono inafanya kazi. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakuna."

Nikasema, kwa sasa hakuna, mama.

Akafuta mikono kwenye khanga, akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaniomba namba yangu. Ameihifadhi kwa jina la Redio.